Mkataba au ankara? Hesabu ya fundi wa Lubumbashi

Mafundi wa komini zetu za Katuba, Kenya na Ruashi, karibuni. Kampuni inakuambia: acha mkataba wa kazi, utuletee ankara, tutakulipa dola 40 kwa siku. Ukubali ama ukatae?

Tushike kalamu. Namba zangu ni za mfano, kila mtu ataweka zake. Mchomeleaji ana mshahara wa dola 800 kwa mwezi. CNSS, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, inakata asilimia 5, yaani 40. Kodi ya mshahara inapanda kwa ngazi na inapungua kidogo kwa mwenye familia, tuiweke 115. Anafika nyumbani na 645.

Yule wa ankara anazidisha 40 kwa siku 26, anapata 1,040, na usiku huohuo ameshachagua rangi ya gari. Lakini nani humu ndani anaitwa kazini siku 26 kila mwezi? Mvua za Januari, vipuri havijafika, mgodi umesimamisha kazi. Tuweke siku 18: ni 720. Toa elektrodi, diski za kukatia, mafuta ya jenereta umeme wa SNEL ukikatika, na usafiri: 120. Zinabaki 600, kodi yake bado. Tena malipo yenyewe anaweza kuyangoja miezi miwili.

Kuna pesa ambayo wengi hawaihesabu. Mwajiri anatoa CNSS asilimia 13 juu ya mshahara wako: dola 104. Humo mna pensheni, posho za watoto na bima ya ajali kazini. Kanuni ya Kazi ya 2002 inamtwika pia matibabu yako na ya familia yako. Ukiugua, unapata theluthi mbili za mshahara. Akitaka kukuachisha bila kosa baada ya miaka 4, akupe notisi ya siku 14 za kazi na 7 kwa kila mwaka: siku 42. Wa ankara anaachwa kwa simu, wakikumbuka kupiga.

Basi, ili ankara ilingane na mkataba, jumlisha: 800 za mshahara, na 104 za CNSS, na tuseme 60 za hospitali, na 120 za vifaa na usafiri. Gawanya kwa siku 18. Inatoka dola 60 kwa siku. Chini ya hapo, wewe ndiye unayemsaidia patroni. Mwenye wateja watatu wanaolipa vizuri anaweza kuzipita 60, na huyo simzuii. Na mwenye mkataba aende CNSS aulize kama michango yake inafika kweli. Kukatwa kwenye karatasi ya mshahara si kufikishwa.

Kijana wa nyuma anauliza habari za kibarua wa kutwa. Sheria iko wazi: ukishafanya siku 22 ndani ya miezi miwili, wakikuchukua tena kabla miezi hiyo haijaisha, unahesabiwa kuwa na mkataba usio na kikomo. Kwa hiyo andika kila siku uliyofanya, na jina la msimamizi aliyekuita.