Flashi ya Saa Sita Mchana

Asanteni. Kaeni tu, na mimi nitakaa, maana jua la leo limenimaliza tangu nikiwa kituoni nasubiri daladala.

Nianze na aibu yangu. Harusi ya mwezi Oktoba, hapa hapa Dar. Bwana harusi kavaa kanzu nyeupe ya kunyooka, nikampeleka ufukweni saa sita na nusu mchana. Bahari ya buluu, mawingu mazuri, nikapiga nikaridhika. Nilipopeleka picha, mama yake akazitazama moja moja, akavua miwani, akaniuliza: "Baba, mbona mwanangu hana macho?"

Kweli hakuwa nayo. Chini ya paji la uso palikuwa na mashimo mawili meusi. Dar jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na tena karibu tarehe 10 Oktoba. Saa hizo paji la uso linakuwa kama bati la kibaraza, kila kilicho chini yake kinakaa kivulini. Na flashi ilikuwepo begani, ndani ya begi. Niliiona ni kitu cha usiku, cha ukumbini.

Sasa tazameni mtego wa kanzu. Ukipima mwanga kwa uso, kanzu inaungua: hakuna mshono, hakuna tarizi ya shingoni, ni karatasi tupu. Ukipima kwa kanzu, uso unazama. Kamera haiwezi kukusaidia, hata iwe ya milioni ngapi. Mimi siku hizi napima kwa kanzu, naacha uso uzame, kisha flashi inauinua. Ndiyo kazi yake yote hiyo.

Hesabu ni fupi. Jua kali, ISO 100, yaani wepesi wa kamera kupokea mwanga, kasi ya shata (kile kilango cha mwanga) 1/200 ya sekunde, lenzi f/11, yaani upana wa tundu lake: namba ikikua, tundu linakuwa dogo. Kamera nyingi hazisikilizani na flashi ukipita 1/200 au 1/250, utaona mkanda mweusi unakata picha. Najua kuna wapenzi wa f/2 humu, wa nyuma kufifia. Kwa jua hili f/2 inataka 1/6400. Flashi nyingi zina mtindo wa kwenda na shata ya kasi, lakini zinapigapiga mfululizo na nguvu inashuka vibaya. Betri mtazikumbuka.

Tuje kwenye kulainisha mwanga, ambako wengi mnaibiwa hela. Kile kikofia cha plastiki cheupe cha kuvisha flashi. Ndani ya ukumbi kinafanya kazi, kwa sababu mwanga unatawanyika, unagonga dari na kuta, unarudi umeenea. Ufukweni dari iko wapi? Unawamulikia kunguru. Mwanga kidogo unaomfikia mtu bado unatoka kwenye kitu cha ukubwa wa ngumi, kwa hiyo ni mkali vilevile.

Ulaini unatokana na ukubwa wa taa kama uso unavyoiona. Jua ni kubwa kuliko dunia, lakini limekaa kilomita milioni 150, kwa hiyo kutoka hapa ni dogo kama sarafu uliyoiona kutoka karibu mita tatu. Ndiyo maana kivuli chake kinakata kama wembe. Softiboksi, lile sanduku la kitambaa la kuvisha flashi, ya sentimita 60 ikiwa mita moja na nusu kutoka usoni ni kubwa kuliko jua mara nyingi sana. Ipeleke mita sita, imekuwa tochi.

Na kusogea karibu si ulaini tu. Flashi ya namba 60, yaani namba ya nguvu yake ambayo ukiigawa kwa f unapata mita, ikiwa tupu, kwa f/11 inafika mita tano na kidogo. Kitambaa cha softiboksi kikila stopu mbili, na kila stopu ni mwanga kupungua nusu, umbali unabaki nusu. Sogeza, sogeza mpaka pembe yake inataka kuingia kwenye picha, kisha rudi kidole kimoja.

Nguvu? Ikiwa ya otomatiki, ishushe stopu moja kwanza. Mtu akisema "flashi yako nzuri", umezidisha. Ngozi zetu nyeusi zinang'aa zikitoka jasho, na taa ndogo inaacha vidoa vyeupe kwenye paji na pua. Taa pana inaueneza mng'ao, unasoma umbo la shavu. Lakini hakuna taa inayoshinda leso. Mfuteni mtu jasho.

Kuna dada hapa mbele aliuliza kabla hatujaanza, kwa nini nisitumie rifleta, ule ubao wa kurudisha mwanga. Natumia, asubuhi. Saa sita jua liko juu, rifleta inalirudisha kutoka chini, kivuli kinapanda juu kama hadithi za majini, na mtu anakunja macho. Mama yule angeniuliza swali lile lile.

La mwisho ni upepo. Niliwahi kusimamisha mwavuli wa studio ufukweni wakati wa kusi, nikamwambia kijana autazame. Akautazama kweli. Akautazama ukiondoka na flashi juu yake mpaka majini.

Haya, saa saba kasorobo. Tutoke uani. Mwenye kanzu aje asimame palipo wazi, na nataka mtu mmoja mwenye nguvu aushike mguu wa taa. Nimesema aushike.