Nani Ameacha Kuni Zangu Nje?

Asanteni. Nimepewa dakika 20, na waliowahi kunisikia wanajua kwamba nyingi nitazimalizia kwenye jambo moja. Mnivumilie.

Tiba ya safari za nje, yaani kuwatoa vijana wenye maradhi makubwa wakakae kambini porini, sielezi zaidi. Mngekuwa hamjui msingekuja. Nitasema tu isivyo: siyo matembezi. Nilialikwa wakati fulani kushuhudia "safari ya tiba" ya vijana wenye saratani. Vijana wakashushwa kwenye basi kando ya ziwa, wakakalishwa kwenye viti vya plastiki, wakavishwa kofia, wakapewa keki, wakapigwa picha, wakapakiwa tena. Mfadhili machozi yakamtoka. Mimi nikaenda kutafuta choo nisije nikasema neno. Kijana wa miaka 17 amelala wodini miaka miwili akihudumiwa, nawe unamtoa ukamhudumie penye upepo! Umebadilisha nini zaidi ya dirisha?

Kuna kijana mmoja nitawasimulia, jina nalihifadhi. Alikuwa na saratani ya mfupa, mguu ukakatwa juu ya goti, akapewa wa bandia. Matibabu alikuwa ameshamaliza. Mama yake alinikabidhi barua ya kurasa mbili: asibebe kitu, asikae chini, asiloane, asiachwe peke yake, asiamshwe mapema. Niliisoma yote, kwa heshima. Mimi ni muuguzi, najua barua kama ile imeandikwa usiku wa manane.

Jioni ya kwanza tulifika kambini na manyunyu. Wenzake wakawa wanahangaika na mahema, yeye kakaa juu ya gogo anasubiri. Mtu akampa kikombe cha chai, akanyoosha mkono akakipokea bila kuinua macho. Huo mkono ndio ulionikera. Siyo kiburi, msinielewe vibaya. Ni mkono uliozoeshwa kwamba vitu huja. Vidonge huja, sahani huja, sindano huja. Nikamwendea, nikamtupia kiberiti mapajani. Nikamwambia, "Moto ni wako. Leo na siku zote tutakazokaa hapa. Usipowaka, hatuli."

Akanitazama kama niliyerukwa na akili.

Kuni zilikuwa zimelowa. Alihangaika karibu dakika 40. Njiti zikaisha, akaomba nyingine. Mguu wa bandia ukawa unamsumbua kuinama, akaamua kuufungua, akauegemeza kwenye gogo, akakaa chini kabisa kwenye tope. Yaani barua ya mama, kipengele cha pili, imekwenda na maji. Mmoja wa wahudumu wetu wa kujitolea, kijana mwenye moyo mzuri kupita kiasi, aliinuka mara mbili aende kumsaidia. Mara zote mbili nilimvuta shati. Watu tuna njaa, mbu wanatula, hakuna anayesema kitu. Hatimaye moto ukashika, moshi mwingi kuliko moto. Maharage tuliyala nusu mabichi, na matumbo yakatuambia usiku.

Subiri, sijafika. Usiku wa tatu ikanyesha mvua ya kweli. Alfajiri nikasikia mtu anafoka huko nje. Nikachungulia kwenye hema. Ni yeye, kwenye magongo, turubai mkononi: "Nani ameacha kuni zangu nje? Nimesema zifunikwe! Mnadhani nawasha kwa mate?"

Kuni *zangu*. Tangu augue hakuwahi kuwa na kitu cha kumgombeza mtu. Yeye ndiye alikuwa akiambiwa kula, meza, lala, vumilia. Sasa kuna watu tisa chai yao inamtegemea, na wamemharibia kazi. Nilirudi kulala nikiwa na furaha ambayo keki ya ziwani haikunipa.

Mtaniambia hili la kumpa mgonjwa kazi ni la kwangu tu. Halikuanza na mimi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Lawrence Holt, mwenye kampuni ya meli, alisumbuliwa na jambo moja: meli ikizamishwa, mabaharia vijana wenye nguvu walikuwa wakikata tamaa na kufa ndani ya mashua za kuokolea, huku wazee waliokwisha kupigwa na bahari wakifika salama. Mwaka 1941 yeye na mwalimu Kurt Hahn wakafungua shule ya Outward Bound kule Aberdovey, Wales, ya kuwakomaza vijana kwa kuwapa magumu ya kweli. Na wanaodhani mambo haya yalibuniwa na watu wa misuli, wamsome huyo Hahn. Mwaka 1904, akiwa kijana, alipigwa na jua vibaya, na madhara yake yakamwandama maisha yote. Kuna vipindi alikaa chumba cha giza. Mgonjwa huyo! Halafu mwaka 2001, Marekani, mwendesha kayaki, ule mtumbwi mwembamba, Brad Ludden akaanzisha First Descents, shirika la safari za nje kwa ajili ya vijana wenye saratani, na kule watu huitana kwa majina ya utani, siyo kwa namba za faili.

Sasa daktari pale mbele amekunja uso tangu niliposema tope. Nakujua, unataka kusema "maambukizi". Sawa kabisa. Kijana ambaye neutrofili zake, zile chembe nyeupe za damu zinazopigana na maambukizi, ziko chini ya 500 kwa mikrolita haji kwangu. Atakuja zikipanda. Mwenye mrija wa dawa unaotokeza kifuani haingii majini. Homa ikifika 38 safari ya mtu huyo imekwisha hapohapo, kwa sababu lengo ni apate antibayotiki ndani ya dakika 60 tangu afike hospitali, na saa ya barabarani nayo ni saa. Ndiyo maana mimi huchagua hospitali kwanza, mlima baadaye. Wengine huchagua mandhari kisha wakauliza zahanati iko wapi. Hao muwazuie, nitawasaidia.

Kisukari cha aina ya kwanza: sukari hushuka saa nyingi *baada* ya kupiga kasia, mara nyingi usiku, kwa hiyo mtu wa kuamka saa nane kupima anajulikana kabla jua halijazama. Insulini ikiganda ni ya kutupa. Penye baridi mwenyewe hulala nayo ndani ya blanketi. Selimundu: maji ya kunywa kila wakati, siyo maji baridi ya kuogelea, na milima mirefu hapana. Nimekimbia, lakini haya mnayajua.

Je, inaponya saratani? Haiponyi. Anayewauzia hilo ni tapeli. Kwamba mazoezi hupunguza uchovu unaotokana na saratani, hilo limethibitika vizuri. Kuhusu safari zenyewe, tafiti nyingi ni za watu wachache, wanajaza fomu kabla na baada, na waliokuja ni wale waliopenda kuja. Nasema haya mwenyewe kabla hamjanirushia.

Naonyeshwa saa. Nilikuwa na sehemu nzima kuhusu ndugu wa mgonjwa, wale wanaosahauliwa nyumbani, na nyingine kuhusu wale ambao hawatapona, maana nao huja. Zote naziacha. Ya pili inaniuma kuiacha.

Kwa wazazi ambao vijana wao wanakuja safari ijayo: fomu za daktari ziko mezani, zijazwe na daktari, siyo na shangazi. Barua andikeni, hata kurasa tano, nitazisoma. Mtatuaga pale gari linapoegeshwa. Mkoba anaubeba mwenyewe kuanzia hapo, kwa hiyo pakieni mkikumbuka hilo. Na yule mama wa barua ya kurasa mbili aliniuliza baadaye kwa nini mwanawe siku hizi anafoka jikoni.