Kocha Anapofungwa Mfululizo: Klabu Ihesabu Nini Kabla ya Kumfukuza

Waheshimiwa viongozi wa klabu, makocha na wapenzi wa soka,

Agosti 2021 Arsenal ya Mikel Arteta ilipoteza mechi 3 za kwanza za ligi: 2-0 kwa Brentford, 2-0 kwa Chelsea, 5-0 kwa Manchester City. Ikashika mkia bila bao hata moja. Mtaani Arteta alikuwa ameshafukuzwa.

Lakini fungueni karatasi za kikosi. Gabriel, beki wa kati, alikuwa majeruhi mechi zote 3, na kiungo Partey vilevile. Ben White, aliyesajiliwa acheze na Gabriel, alikosa 2 kwa korona. Dhidi ya City, Xhaka alilimwa nyekundu dakika ya 35. Beki wa kulia Tomiyasu alisajiliwa siku ya mwisho ya dirisha la usajili. Ukuta aliouchora kocha ulisimama kwa mara ya kwanza Septemba 11 dhidi ya Norwich, Arsenal ikashinda 1-0. Ilimaliza ya 5, na misimu 3 iliyofuata ikawa ya 2.

Kombe nalo hudanganya. Manchester United 2023/24 ilikuwa ya 8, imefunga mabao 57 na kufungwa 58. Mei ikaifunga City 2-1 fainali ya Kombe la FA, na Julai Erik ten Hag akaongezewa mkataba. Kikosi kikasajiliwa kwa mfumo wake wa mabeki 4. Oktoba 28 akatimuliwa, timu ikiwa ya 14. Ruben Amorim akaja na mabeki 3 wa kati, akakuta kikosi cha mwenzake, na United ikamaliza ya 15. Inauma, kwa sababu yale mabao 58 yalikuwa mezani tangu Mei.

Klabu isiyo na mtaalamu wa takwimu inahitaji video, kalamu na daftari tu. Kwa mechi 10 za mwisho, hesabuni mashuti yaliyopigwa ndani ya kumi na nane (eneo la penalti), yenu na ya wapinzani. Penalti wekeni kando, zinavuruga hesabu. Pembeni andikeni nani alikosekana, na kadi nyekundu ilitoka dakika ya ngapi. Mkipiga mengi kuliko mnavyopigwa na bado mnafungwa, tazameni mshambuliaji na kipa, maana kocha mpya atawakuta walewale. Mashuti ya wapinzani yakipanda mechi hadi mechi ilhali kikosi kimekamilika, hapo kocha ameishiwa dawa, hata kama juzi alishinda.

Daftari lifunguliwe mechi ya kwanza ya msimu. Likianza usiku wa kufungwa na watani, mashabiki wakiwa getini, mtaandika hasira. Hesabu ifungwe kabla dirisha la usajili halijafunguliwa: kocha mnayemtilia shaka Juni asikabidhiwe fedha Julai. Na anayeshika daftari asiwe rafiki wa kocha, wala wa wakala mwenye kocha mwingine mfukoni.