Baharia Aliyeanza Kuchora Uzeeni

Ndugu zangu, ahsanteni kwa kuja. Leo nataka kumtetea mzee wa Kiingereza, Alfred Wallis, kwa sababu ya sifa moja anayopewa kila mara: eti alichora kama mtoto. Wanaoisema wanampenda, lakini wanamdhulumu.

Wallis alizaliwa Devonport mwaka 1855, akaanza kazi za baharini angali kijana. Katika miaka ya 1870 alivuka Atlantiki kwa meli za matanga hadi Newfoundland, kisiwa ambacho leo ni sehemu ya Kanada. Baadaye akahamia St Ives, mji wa wavuvi huko Cornwall, akawa mnunuzi wa vyuma chakavu, kamba na matanga makuukuu. Mwaka 1922 mkewe, Susan, alifariki. Miaka kama mitatu baadaye, akikaribia sabini na nyumba imempwaya, mzee akashika brashi. Mwenyewe alieleza kwamba alichora ili kuondoa upweke.

Turubai hakuwa nayo. Alichorea vipande vya maboksi kutoka madukani, na mara nyingi aliviacha vivyo hivyo, pembe zimekatwa upande, picha ikafuata umbo la kipande. Rangi zake zilikuwa zile za kupaka mashua na nyumba. Itazameni bahari yake: kijivu, kijani kizito, nyeupe iliyochafuka. Mara nyingine aliliacha boksi wazi, ukahawia wake ukawa rangi mojawapo ya picha.

Hapa ndipo penye ubishi. Meli yake huweza kuzidi nyumba za bandarini kwa ukubwa. Samaki hulingana na mashua. Nyumba nazo zimelala ubavu kuizunguka bandari. Hakujua vipimo? Hebu mfikirieni mtu anayeingiza chombo bandarini usiku, bahari imechafuka. Madirisha ya nyumba hayamhusu. Anautafuta mnara wa taa, anaijua miamba ilipo, anauwinda mlango wa gati. Hivyo ndivyo vitu alivyovikuza Wallis. Na milingoti na matanga aliyapanga kama mtu aliyewahi kuyapandisha kwa mikono yake. Ninyi mliokulia pwani mtanielewa upesi kuliko wengi. Tunasema alijifunza mwenyewe, nami nakubali kwa upande wa brashi tu. Mengine alifundishwa na bahari kwa miaka mingi.

Mwaka 1928 wachoraji wawili waliosomea, Ben Nicholson na Christopher Wood, walipita mlangoni pake, mlango uko wazi, wakaona picha zimepigiliwa ukutani kwa misumari mikubwa. Kazi zao wenyewe zilibadilika baada ya hapo. Rafiki yao Jim Ede, aliyekuwa akifanya kazi katika jumba la sanaa la Tate, London, akawa anatumiwa vifurushi vya picha kwa posta, na mzee analipwa shilingi chache.

Shilingi hizo hazikumtosha. Mwaka 1941 alipelekwa Madron, kwenye nyumba ya maskini. Huko aliendelea kuchora, na huko alifariki Agosti 1942. Marafiki ndio waliozuia asizikwe kaburi la mafukara, na mfinyanzi Bernard Leach akamtengenezea vigae vya kufunika kaburi lake pale St Ives.

Leo picha zake zaidi ya mia moja ziko Kettle's Yard, Cambridge, katika nyumba iliyokuwa ya Ede. Zinatunzwa vizuri, na hilo nalishukuru. Lakini wale waliozijua thamani walikuwapo yeye akiwa hai, na bado alifia Madron. Hilo siwezi kulimeza.