Tumejuaje? Kufundisha Vita vya Maji Maji kwa Vyanzo Vyake

MTANGAZAJI: Wasikilizaji wetu, karibuni. Leo mimi na mwenzangu, ambaye kazi yake ya kila siku ni kufundisha historia katika shule ya sekondari, tunazungumzia namna ya kumzoeza mwanafunzi kufikiri kama mwanahistoria badala ya kukariri yale ambayo wanahistoria wameshayaandika. Mwalimu, shikamoo.

MWALIMU: Marahaba, dada yangu. Ningeomba tushike mada moja tu, kwa sababu mazungumzo ya jumla kuhusu ufundishaji huishia kwenye maneno mazuri ambayo hayamsaidii mtu anayeingia darasani saa mbili asubuhi. Nimechagua Vita vya Maji Maji, vya mwaka 1905 hadi 1907, ambavyo watu wa kusini mwa Tanganyika walipigana na watawala wao Wajerumani.

MTANGAZAJI: Mada ambayo kila aliyepita sekondari hapa Tanzania aliisoma kwa mtindo uleule: sababu tano, athari tano na sababu za kushindwa, kisha unaingia kwenye mtihani. Mimi mpaka leo ninaweza kukutajia kodi, kazi za shuruti, mashamba ya pamba na ukatili wa maakida, yaani mawakala wa serikali ya kikoloni, bila kuvuta pumzi, lakini sikumbuki hata siku moja kuambiwa kwamba hayo yalijulikanaje.

MWALIMU: Swali hilo ndilo ninaloanzia nalo. Mwaka 1991 mtafiti wa Marekani, Sam Wineburg, alichapisha utafiti ambamo aliwapa wanahistoria na wanafunzi wa sekondari nyaraka zilezile kuhusu mapigano ya Lexington ya mwaka 1775, akawaomba waseme kwa sauti walichokuwa wakifikiri wakati wanasoma. Wanafunzi walianza mstari wa kwanza wakateremka hadi wa mwisho. Wanahistoria walikimbilia kwanza kutazama nani ameandika, lini na kwa ajili ya nani, na ndipo wakarudi juu kusoma. Nami nilipojitazama niligundua kwamba kwa miaka mingi nilikuwa nimewapa wanafunzi wangu notisi zisizo na mwandishi, yaani maneno yaliyotoka ubaoni kana kwamba ubao ndio uliopigana vita.

MTANGAZAJI: Sasa darasani unafanyaje? Shule nyingi hazina mashine ya kurudufu, na darasa lina wanafunzi sitini au zaidi.

MWALIMU: Ninatumia karatasi nne za manila. Juu ya kila moja ninaandika muhtasari wa chanzo kimoja, ninazibandika kwenye kuta nne, na makundi yanazunguka katika kipindi pacha cha dakika 80. Ya kwanza ni maelezo ya Gavana Gustav Adolf von Götzen, aliyeitawala koloni wakati vita vinazuka na aliyechapisha kitabu juu ya maasi hayo mwaka 1909, baada ya kuondoka madarakani. Ya pili ni utenzi wa Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi, ulioandikwa kwa hati za Kiarabu na kuchapwa Ujerumani mwaka 1933. Ya tatu ni masimulizi ya wazee yaliyokusanywa mwaka 1968 na wanafunzi wa Chuo cha Dar es Salaam chini ya mradi wa wanahistoria John Iliffe na Gilbert Gwassa. Ya nne ni maneno ya Mwalimu Nyerere mbele ya Umoja wa Mataifa, Desemba 1956.

MTANGAZAJI: Nyerere hakuwa shahidi wa vita hivyo, hata kuzaliwa alikuwa bado.

MWALIMU: Hakuwa, na nimemweka makusudi. Alisema kwamba watu wale walipigana kwa kuwa hawakukubali kwamba mzungu ana haki ya kumtawala mweusi, na akasisitiza kuwa hawakusukumwa na hofu ya kundi la magaidi wala na kiapo cha kishirikina. Ninawauliza wanafunzi: mwaka 1956, hapa jirani, ni wapi watu walikuwa wakizungumzia kiapo? Huchukua dakika kadhaa, halafu mmoja anasema, "Kenya, Mau Mau." Hapo darasa zima linaona kwamba maneno hayo yanatufundisha machache kuhusu mwaka 1905 na mengi kuhusu mwaka 1956, na kwamba chanzo kinaweza kuwa kibovu kwa swali moja na kizuri sana kwa swali jingine.

MTANGAZAJI: Na huyo Götzen, wanafunzi hawamtupi moja kwa moja kwa kuwa ni mkoloni?

MWALIMU: Humtupa, na kazi yangu ni kumwokota. Gavana aliyeulizwa na wakubwa wake Berlin kwa nini nchi imewaka moto alikuwa na kila sababu ya kuwalaumu waganga kuliko kulaumu pamba aliyolazimisha ilimwe. Kwa hiyo akisema ushirikina ndio chanzo cha vita, tunamsikiliza kwa tahadhari. Lakini upande wa Wajerumani unapokiri jambo lisiloupendezesha, ushahidi wake unapata uzito. Ofisa mmoja wa jeshi lao aliandika kwamba njaa na ufukara pekee ndivyo vingewafanya watu wasalimu amri kabisa. Ukiweka kauli hiyo kando ya masimulizi ya wazee kuhusu maghala yaliyochomwa na mashamba yaliyoharibiwa, unapata maadui wawili wanaokubaliana juu ya jambo moja.

MTANGAZAJI: Niwe mkweli, Mwalimu, hapa nina wasiwasi. Mtoto wa miaka kumi na sita akishazoea kusema kila chanzo kina upendeleo, si atatoka darasani anaamini kwamba kila mtu ana ukweli wake?

MWALIMU: Wasiwasi huo ni wa haki, na mwaka wa kwanza nilijaribu mbinu hii ndivyo ilivyotokea. Nilichokosea ni kuishia kwenye kushuku. Siku hizi sikubali neno "upendeleo" libaki peke yake kwenye daftari. Ninataka mwanafunzi aandike upendeleo huo umebadilisha nini, na ni kipi kimebaki kimesimama hata baada ya kuupunguza. Chukua idadi ya waliokufa. Takwimu za Wajerumani zilizungumzia watu 75,000, na Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000. Haitoshi kusema kila upande na hesabu yake. Tunauliza nani aliwahesabu waliokufa porini kwa njaa mwaka 1907, na alikuwa wapi wakati anahesabu.

MTANGAZAJI: Na maji yenyewe? Nakumbuka sisi tulicheka. Mwalimu wetu naye alicheka kidogo.

MWALIMU: Wote hucheka. Ninawaachia wacheke, kisha ninawaeleza kwamba dawa ile, iliyoaminiwa kuwakinga wapiganaji na risasi, ilikuwa maji yaliyochanganywa na mafuta ya mbarika na mtama, na kwamba mganga aliyeitoa, Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, alinyongwa Mohoro mapema Agosti 1905, majuma machache tu baada ya watu wa Nandete, huko Umatumbi, kung'oa pamba. Halafu ninauliza: ikiwa mganga amekufa, na watu wa Mahenge wameona kwa macho yao mizinga ya rashasha ikiwaangusha wenzao mwishoni mwa mwezi uleule, kwa nini vita viliendelea na kusambaa? Kicheko hukoma. Inabidi watafute kingine ambacho maji yale yaliwapa watu: ruhusa ya kuwakubali majirani ambao jana walikuwa wapinzani, pengine, au lugha moja ya kuelezea manung'uniko mengi tofauti. Wengine hukataa jawabu hilo, wakisema tunawapa wazee umoja wa kitaifa ambao haukuwapo, na kwa kweli wanahistoria wa karibuni wamesema hivyohivyo.

MTANGAZAJI: Lugha nayo inasaidia? Maana sasa Historia ya Tanzania na Maadili inafundishwa kwa Kiswahili.

MWALIMU: Inasaidia mno. Mwanafunzi anayetafuta neno la Kiingereza hana nafasi ya kutafuta hoja. Utenzi wa Lindi, kwa mfano, kwa juu juu unawalaumu wapiganaji, lakini anayejua Kiswahili cha ushairi husikia pia maumivu yaliyomo. Hilo halitafsiriki ubaoni.

MTANGAZAJI: Kuna swali lolote walilokuuliza likakushinda?

MWALIMU: Binti mmoja alizunguka kuta zote nne, akarudi akaniuliza, "Mwalimu, wanawake walikuwa wapi?" Nikafurahi, nikamtajia Nduna Mkomanile, mwanamke kiongozi wa Wangoni aliyenyongwa pamoja na wenzake Songea mwaka 1906. Akatazama tena zile karatasi, akasema, "Na huyu tumemjuaje, maana hayumo hata kwenye moja?" Nilimwambia alete karatasi ya tano, tutaibandika mlangoni.