Tusingoje Hofu Iondoke Ndipo Tuamini

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa watazamaji wangu wa Mombasa na Pwani nzima. Leo nazungumza nanyi kutoka Ujerumani, ninakoishi na kufanya kazi, kwa sababu vijana wengi wenu mmeniuliza kama mtu anayeogopa kujulikana kuwa Mkristo bado ana imani ya kweli. Naamini anayo. Kinachotuangusha ni kungoja hofu iondoke kwanza, ndipo tutii.

Tazameni mji wetu wenyewe. Johann Ludwig Krapf, mmisionari mzaliwa wa Derendingen huku Ujerumani, alifika Mombasa mwaka 1844 pamoja na mkewe, Rosine. Mwezi Julai mwaka huohuo Rosine alifariki kwa homa, na binti yao mchanga akamfuata baada ya siku chache. Krapf, ambaye naye aliugua, alikuwa na kila sababu ya kurudi kwao. Lakini alibaki, akaendelea kutafsiri Maandiko kwa Kiswahili, na mwaka 1846 akaanzisha misheni ya Rabai pamoja na Johannes Rebmann. Alibaki akiwa na jeraha lake.

Hata hivyo, wanaonigusa zaidi ni watu waliokombolewa utumwani na kupewa makao Freretown, hapo Mombasa, kuanzia mwaka 1875, kwa kuwa wengi wao hawakuwa na kwao pa kurudi. Kengele ile mnayopita kila siku pale Kengeleni ilikuwa ya kuwatahadharisha wakazi kila wawindaji wa watumwa walipokaribia. Watu hao walisali na kulea watoto wao katika imani wakijua kwamba wakati wowote ingeweza kulia.

Nanyi mnaikumbuka Jumapili ile ya Machi 2014, watu wenye bunduki walipowashambulia waumini wakiwa ibadani Likoni na kuwaua watu sita. Baada ya hapo tulizoea kukaguliwa langoni kabla ya kuingia kanisani. Mama anayesimama kwenye foleni hiyo akiwa na mtoto mgongoni, moyo ukimdunda, kisha akaingia na kuimba, kwangu huyo ni shujaa wa imani, ingawa hakuna atakayeandika habari zake.

Paulo alimwandikia Timotheo kwamba Mungu hakutupa roho ya woga, bali ya nguvu na ya upendo na ya moyo wa kiasi. Nawasihi msiuruke huo upendo. Anayeishinda hofu kwa kumchukia jirani yake Mwislamu hajaishinda bado, na tusisahau abiria Waislamu wa basi lililoshambuliwa karibu na El Wak, kaskazini-mashariki mwa Kenya, mwezi Desemba 2015, ambao walikataa kutenganishwa na Wakristo.

Huku niliko hakuna anayenielekezea bunduki, wala sithubutu kulinganisha maisha yangu na ya watu hao. Yangu ni zamu za Jumapili, na ukimya unaotanda mezani kazini ninapoinamisha kichwa kushukuru kwa chakula. Lakini usumbufu mdogo unaorudi kila siku nao huichosha imani, hasa ya mtu aliye peke yake.

Ndiyo maana napenda habari za nabii Eliya katika 1 Wafalme 19. Alimkimbia malkia Yezebeli aliyetaka kumwua, akaketi chini ya mti wa mretemu akiomba afe. Mungu hakuanza kwa kumkemea. Alimwacha alale, akamtuma malaika ampe mkate na maji, na baadaye akampa Elisha awe mwenzake. Kwa hiyo wewe kijana unayeficha Biblia yako bwenini, kabla ya kujilazimisha kusimama mbele ya watu wote, mtafute mwamini mmoja unayemwamini, umwambie waziwazi kinachokuogopesha, na muwe mnaomba pamoja.

Kama bado hujampata, Jumatano saa tatu usiku, kwa saa za Mombasa, nitakuwa hewani moja kwa moja. Andika jina lako la kwanza tu, nasi tutakuombea.