Ea klina ya wazi kwenye mvua: kuizuia maji bila kuikaba injini

Karibuni tena. Leo tunashughulika na ile koni ya kuchuja hewa ya pikipiki, inayochomekwa moja kwa moja kwenye kabureta, bila boksi. Mlio wake naupenda sana, ndiyo maana sikubali mtu aambiwe aing'oe kila masika.

Matone ya juu yasiwatishe. Tone dogo likipita kwenye chujio linageuka mvuke ndani ya injini, basi. Kinachoizima pikipiki ni maji ya tairi la nyuma: yanarushwa mfululizo, yana tope, na koni imeyatazama. Ikilowa chepechepe hewa inakosa njia, petroli inazidi, injini inakohoa na kutoa moshi mweusi.

Toeni kiti na kava la pembeni. Hapo hamnihitaji.

Kama koni yenu ni ya karatasi, badilisheni kabla ya mvua, maana karatasi ikilowa huvimba na kuchanika. Mimi ni mtu wa pamba yenye wavu, iliyopakwa oili ya chujio. Mstari mwembamba kwenye kila mkunjo, halafu iacheni inywe.

Sasa shingo ya koni. Polepole hapa. Isukumeni mpaka mwisho wa mdomo wa kabureta, ndipo mkaze klampu. Ngoja nisogeze taa, hamwoni kitu… Haya, tazameni: nilipokaza, upande wa chini umeteleza nje! Kwa juu inaonekana safi kabisa. Legeza, sukuma, kaza tena. Pitisheni kidole kuzunguka shingo yote, hata kule msikokuona. Pakibaki mwanya, maji na mchanga vinaingia bila kupita kwenye chujio. Kidole, jamani, mzunguko mzima.

Kinga yenyewe ni kipande cha tyubu kuukuu. Kiwekwe nyuma ya koni na juu yake, kifungwe kwenye fremu, kisishikizwe kwenye koni. Acheni upana wa vidole 2 katikati. Pembeni na chini pabaki wazi, hewa iingie na maji yadondoke. Kisha kaeni juu ya pikipiki muibonyeze shokapu: mpira usiguse tairi wala mnyororo.

Mfuko wa nailoni hapana. Injini inauvuta, unang'ang'ania koni kama ngozi ya ngoma, na hewa imekatika. Hata ukitobolewa matundu, hapana. Mkitaka kuivisha kitu, iwe soksi ya kitambaa chepesi kisichonywa maji, iliyotengenezwa kwa kazi hiyo.

Mirija ya kupumulia ya kabureta ielekezwe chini, mbali na tairi. Ikizibwa na maji, petroli haishuki vizuri, na mtaisingizia koni iliyo kavu.

Endesheni kidogo, kisha fungueni plagi. Ikiwa na rangi ya kahawia, sawa. Ikiwa na masizi meusi wakati kabla ya kinga haikuwa hivyo, mpira umekaribia mno, usogezeni nyuma.

Barabarani, msifuate lori kwa karibu, na dimbwi linalofika usawa wa koni lizungukeni. Pikipiki ikizimikia ndani ya maji, msipige kiki! Maji hayabonyei. Pistoni ikiyakandamiza, konrodi, ule mkono unaoshika pistoni, inapinda. Isukumeni nje, fungeni koki ya petroli, toeni plagi, ndipo mpige kiki taratibu mpaka silinda iache kutema maji. Legezeni skrubu ya chini ya kabureta mmwage kilichomo. Mkague na oili ya injini: ikiwa nyeupe kama maziwa, imwagwe na kubadilishwa kabla ya kuwasha.

Mkifika, koni itolewe, ikung'utwe, ikauke kivulini. Upepo wa kompresa msiupulize, unatoboa pamba. Ikishakauka, oili tena, na kile kidole kizunguke shingo.